Sura ya Sita: Chuma Hakibebi Peke Yake

Katika vilima vya Djugu na Irumu, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, mgonjwa asiyeweza kukaa juu ya pikipiki bado hubebwa kwa tipoyi. Vijana hukata miti miwili mirefu, hufunga blanketi au magunia katikati, humlaza mgonjwa, kisha wanne huinua, kila mmoja na ncha yake begani. Aliyewahi kubeba anajua jambo ambalo mtazamaji wa kando halioni: uzito haugawanyiki sawasawa kwa sababu tu wabebaji ni wanne. Akiwepo mrefu kati yao, au mmoja anayekaza bega wakati wenzake wanalegeza magoti kushuka bondeni, mzigo humwendea yeye. Wenzake wameshika mti na miguu yao inatembea, lakini uzito hauko kwao. Baada ya kilomita mbili yule mmoja yu hoi, na wengine hawajatoka hata jasho.

Nimeanza na tipoyi kwa sababu ya maneno ninayoyasikia Bunia kila mtu anaporudi kutoka hospitali za mbali akiwa "ametiwa vyuma mgongoni". Jirani wakija kumpa pole husema: sasa mgongo wako ni wa chuma, hautavunjika tena. Wanasema kwa upendo, wapate kumtia moyo. Ila wanamdanganya bila kujua, na uongo huo unaweza kumrudisha kwenye meza ya upasuaji ambayo safari ya kwanza aliifikia kwa kuuza ng'ombe au shamba. Chuma kilichofungwa mgongoni ni mbebaji mpya aliyeongezwa kwenye tipoyi, tena mkakamavu kuliko wenzake wote. Tunachohitaji kujua ni nini kinaipata mifupa akishaingia yeye, na nini kinampata yeye ikiwa mifupa itamwachia mzigo wote.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Mbele ya kila pingili kuna kigogo kifupi cha mfupa, na kati ya kigogo na kigogo kuna diski, kitu laini chenye maji kinachopokea mshindo. Nyuma kuna pete ya mfupa inayouhifadhi ugwe mgongo, ile kamba ya neva iletayo amri za ubongo hadi miguuni, pamoja na viungo viwili vidogo vinavyogusana na vya pingili jirani. Mtu akisimama wima, takriban asilimia 80 ya uzito hupita kwenye vigogo na diski za mbele, na asilimia 20 hivi hupita nyuma. Tarakimu hizo mbili zishike, kwa maana kila kitu katika sura hii kinarudi kwazo.

Uzito huo si wa mwili peke yake. Ukiinama, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa ili usianguke kifudifudi, na mvuto wao huzikandamiza pingili zaidi ya uzito unaouona kwa macho. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke, walichapisha vipimo vya msukumo ndani ya diski ya kiuno ya mtu mmoja aliyejitolea, akiwa na kipimio kidogo ndani ya mgongo wake huku akiendelea na shughuli za kawaida. Tukiuita msukumo wa kusimama tu 5, kulala kifudifudi kulikuwa 1. Kuinama kulikuwa 11. Kunyanyua kilo 20 kwa mgongo uliopinda kulifika 23. Kuzinyanyua kwa kukunja magoti, 17. Kuzishika zikiwa karibu na kifua, 11.

Kilo 20 ni bidoni la maji. Ni lile bidoni la njano ambalo kila mtoto wa Bunia amelibeba kutoka bombani au kisimani kabla ya kwenda shule. Na kuinama ndiyo kazi yenyewe ya mama anayelima mihogo au maharage kuanzia alfajiri. Basi mtafiti wa Ulm, bila kukusudia, alipima siku ya kawaida ya Ituri.

Wapo wanaoamini kwamba watu wetu wameumbwa kubeba. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ni ustadi wa ajabu na ninauheshimu. Lakini kilichopimwa pale ni pumzi, yaani hewa ambayo mwili unaitumia. Pingili ya shingo na ya kiuno haipunguziwi kitu kwa sababu mapafu hayachoki. Mzigo upo, na mfupa unaubeba.

Mfupa unaweza kuubeba miaka na miaka kwa kuwa uko hai. Ukikata pingili katikati utaona ganda jembamba nje, na ndani sponji ya vijiti vyembamba vya mfupa vilivyopangwa kufuata njia ambayo uzito unapita. Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Berlin alichapisha kitabu akieleza kwamba mfupa hujijenga upya kulingana na kazi unayopewa. Leo tunajua zaidi kidogo kuliko yeye. Ndani ya mfupa kuna seli zinazohisi mkandamizo, nyingine zinazobomoa mfupa mkuukuu, na nyingine zinazojenga mpya. Palipo na kazi, wajenzi huwashinda wabomoaji. Pasipo na kazi, wabomoaji huendelea na wajenzi hawaji. Wanaanga wanaokaa angani ambako mwili hauna uzito hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga na kiuno kila mwezi, wakiwa watu wenye afya na chakula tele. Mgonjwa aliyelala kitandani miezi mitatu hupatwa na jambo la jinsi hiyo hiyo, akiwa na sahani ya sombe peke yake.

Sasa leta chuma. Njia inayotumika zaidi leo ni skrubu zinazopitishwa kutoka nyuma, ndani ya shina la pingili, hadi kwenye kigogo cha mbele, kisha vichwa vya skrubu hizo huunganishwa kwa fimbo mbili za chuma, moja kulia na moja kushoto. Raymond Roy-Camille alianza kutumia skrubu za aina hiyo Paris mwaka 1963. Kabla yake, Paul Harrington wa Houston, Marekani, alikuwa akinyoosha migongo ya watoto iliyopindishwa na polio kwa fimbo na ndoano, na mwaka 1962 alichapisha matokeo yake. Historia ya Harrington inafundisha. Mwanzoni alitumaini kwamba chuma kitatosha. Vyuma vikakatika, ndoano zikachomoka. Ndipo akaanza kuiunganisha mifupa yenyewe ishikamane chini ya ulinzi wa chuma, ili chuma kikichoka siku moja kikute mfupa umeshachukua mzigo wake.

Kwa nini chuma kipokee mzigo mwingi hivyo? Kwa sababu ya ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kupinda au kubonyea. Mafundi hupima ukakamavu kwa gigapaskali. Ganda gumu la mfupa lina 15 hadi 20 hivi. Sponji ya ndani ya pingili mara nyingi haifiki hata 1. Chuma cha pua kina karibu 200. Aloi ya titani inayotumika sana katika upasuaji ina 110 hivi, kama nusu ya chuma cha pua. Wabebaji wawili wakiwa chini ya mti mmoja, mzigo hugawanyika kwa kadiri ya ukakamavu wao, na mkakamavu mara kumi hachukui sehemu sawa na mwenzake. Hilo ndilo lililoonekana kwenye tipoyi.

Unene nao una neno kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukakamavu wa fimbo ya duara dhidi ya kupinda hukua kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne. Fimbo ya milimita 6.35 ikilinganishwa na ya milimita 5.5 ya madini yale yale, tofauti ambayo jicho haliioni vizuri, ni ngumu zaidi karibu mara 1.8. Daktari anapochagua fimbo sandukuni, anachagua pia kiasi cha kazi kitakachobaki kwa mfupa.

Mwaka 1989 Paul McAfee na wenzake walichapisha Marekani majaribio ya mbwa waliounganishwa pingili, baadhi kwa vyuma na wengine bila vyuma. Waliowekewa vyuma walishikamana vizuri zaidi. Lakini pingili zao, zilipopimwa, zilikuwa zimepoteza uzito wa madini. Mfupa ulikuwa umekaa chini ya kivuli cha chuma, ukaona hakuna kazi, ukaanza kujibomoa. Hapo ndipo yalipoanza mabishano ambayo hayajaisha: tupunguze ukakamavu? Wengine wakaleta fimbo za plastiki ngumu iitwayo PEEK, yenye gigapaskali 3 hadi 4 tu. Wengine wakatengeneza vizimba vya titani, yaani vipande vinavyosimamishwa kati ya pingili mahali pa mfupa au diski, vyenye vitundu vingi kama sponji, ili vibonyee kidogo na mfupa uotee ndani yake. Kila suluhisho lina gharama. PEEK ina tabia ya kubonyea inayoufaa mfupa, lakini mfupa haupendi kushikamana nayo. Titani ni ngumu, lakini mfupa huikumbatia. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliliona hilo kwa sungura katika miaka ya 1950, vipimio vyake vya titani vilipokataa kutoka kwenye mfupa.

Kuna pia majirani. Pingili mbili zikifungwa pamoja, mwendo zilioufanya hauondoki duniani. Mtu bado anataka kuinama afunge kiatu. Mwendo ule huhamia kwenye diski ya juu na ya chini ya zile zilizofungwa, na hizo huchakaa mapema zaidi. Ndiyo maana mpasuaji mwenye busara hufunga pingili chache kadiri jeraha linavyoruhusu. Tena si ajabu kijana aliyevunjika, akafungwa vyuma bila pingili zake kuunganishwa, akashauriwa kurudi baada ya mwaka hivi, vyuma vitolewe na mwendo urudi.

Hayo ya kivuli cha chuma ni kweli, na vitabu vya Ulaya na Marekani vinayazungumza sana kwa sababu wagonjwa wao wengi ni wazee wenye mifupa iliyokwisha tayari. Lakini nikiutazama mkoa wetu, naona hatari ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo ninayotaka msomaji aondoke nayo. Kwetu tatizo kubwa si mfupa ulionyang'anywa kazi. Ni chuma kilichoachiwa kazi yote.

Kumbuka asilimia 80. Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe, au pikipiki ikimtupa barabarani, au udongo wa chimbo la dhahabu huko Mongbwalu ukimwangukia mgongoni akiwa ameinama, mara nyingi kinachovunjika ni kigogo cha mbele. Kinapasuka kama tofali lisiloiva vizuri. Mpasuaji akipita nyuma, akaweka skrubu juu na chini ya jeraha na kuinyoosha pingili, picha ya eksirei itapendeza. Ila mbele, pale palipokuwa na mfupa, sasa pana pengo lililojaa vipande vidogo na damu. Uzito wa mbele hauna pa kupita. Unazunguka, unapita kwenye fimbo zilizo nyuma, na fimbo zinapindishwa kila hatua.

Chukua waya, uukunje huku na huku. Haukatiki mara ya kwanza wala ya kumi. Unakatika kwa sababu umekunjwa mara nyingi. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku, ambazo kwa mtu wa kijijini ni chache, hupiga hatua zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka. Viwanda hupima vyuma vya mgongo kwa kuvikandamiza mara milioni 5 kwenye mashine. Ni nyingi, lakini zina mwisho. Chuma kinakimbia mbio na mfupa: ama mfupa uungane kwanza, ama chuma kikatike kwanza.

Mwaka 1994 Thomas McCormack, Eldin Karaikovic na Robert Gaines walichapisha Marekani makala fupi ambayo wapasuaji wa mgongo duniani bado wanaitumia. Walikuwa na wagonjwa 28 waliofungwa skrubu pingili moja juu na moja chini ya jeraha. Kwa 10 kati yao skrubu zilikatika. Wakarudi kwenye picha za mwanzo, za kabla ya upasuaji, wakauliza: hawa 10 walikuwa na nini? Jibu lilikuwa mbele. Kigogo kilikuwa kimesagika sana, vipande vimetawanyika mbali, na mgongo ulihitaji kunyooshwa sana, hivyo pengo likabaki kubwa. Wakatunga hesabu ya alama 3 hadi 9. Kila jambo kati ya hayo matatu lilipewa alama 1 hadi 3. Mgonjwa mwenye 6 kushuka, vyuma vya nyuma vinaweza kumtosha. Mwenye 7 kupanda anahitaji mbele pajengwe, kwa kipande cha mfupa wa nyonga au kwa kizimba, la sivyo skrubu zitakatika. Walikipa kipimo chao jina la kugawana mzigo. Sijui kazi nyingine katika fani hii iliyosema jambo kubwa kwa wagonjwa wachache hivyo.

Kigogo cha mbele hakiharibiwi na ajali peke yake. Kwetu kuna adui wa zamani zaidi, kifua kikuu. Watu wengi wanadhani kifua kikuu hukaa kifuani. Kijidudu chake husafiri kwa damu, na kikifika mgongoni hupenda sehemu ya mbele ya pingili, karibu na diski. Kinakula polepole, bila homa kubwa, mgonjwa akilalamika maumivu ya mgongo ambayo kila mtu anayalaumu kazi ya shamba. Kisha kigogo kinaporomoka, mgongo unaanguka mbele, na mtoto aliyekuwa akikimbia anaota kibyongo. Usaha na mfupa uliovunjika vikiubana ugwe mgongo, miguu inakufa ganzi. Percivall Pott alieleza ugonjwa huo London mwaka 1779, zaidi ya miaka mia kabla Robert Koch hajakiona kijidudu chenyewe mwaka 1882. Mifupa ya maiti za kale za Misri ina alama zake.

Na kuunganisha pingili kulianzia kwa wagonjwa hao. Mwaka 1911 huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha mifupa ya nyuma ya mgongo wa wagonjwa wa kifua kikuu ili kuzuia kibyongo. Albee alitumia kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe. Hawakuwa na skrubu wala titani. Walikuwa na mfupa hai, na walijua kwamba ukishika utazidi kukua na kazi. Kasoro yao ilikuwa moja. Waliimarisha nyuma wakati shimo liko mbele, na kwa watoto wengi kibyongo kiliendelea.

Waliokwenda mbele ni Arthur Hodgson na Francis Stock wa Hong Kong. Mwaka 1956 walieleza upasuaji wa kupita kifuani au tumboni, kusafisha usaha na mfupa uliooza, kisha kusimamisha kipande cha ubavu au cha nyonga katikati ya pengo kama nguzo. Mzigo ukapata njia yake tena. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likafanya majaribio makubwa kuanzia miaka ya 1960, Korea, Hong Kong, na pia Bulawayo. Majibu yake yangepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kituo cha afya. Kwanza, dawa ndizo zinazoponya. Wagonjwa wengi waliotumia dawa huku wakitembea na kuishi nyumbani walipona, na kulazwa kitandani miezi mingi au kufungwa plasta ya kiwiliwili hakukuwaongezea faida. Pili, waliojengewa mbele kwa njia ya Hong Kong walibaki na mgongo ulionyooka zaidi.

Lile la kwanza linaniridhisha kwa sababu linakubaliana na Wolff. Mgonjwa aliyetembea aliupa mfupa wake kazi, na mfupa ukajibu.

Siku hizi, kwa mgonjwa ambaye pingili zake zimeporomoka sana au miguu imeanza kulegea, wapasuaji huchanganya njia: vyuma nyuma, nguzo mbele, dawa miezi mingi. Wengi waliogopa kwamba chuma kitakuwa nyumba ya vijidudu. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1993 kwamba kijidudu cha kifua kikuu hakishikamani na chuma kwa wingi kama vijidudu vya usaha wa kawaida, na kwa dawa sahihi chuma kinaweza kukaa salama.

Sasa turudi Bunia. Mji una Hospitali Kuu ya Rufaa, una kituo cha tiba cha Kiinjili, na madaktari wake wamefanya upasuaji katika miaka ambayo masasi yalikuwa yakisikika mtaani. Nyankunde, kilomita 45 hivi kutoka hapa, palikuwa na hospitali iliyopokea wagonjwa wa upasuaji kutoka pande zote za Kongo mashariki na kufundisha wauguzi. Tarehe 5 Septemba 2002 ilishambuliwa, mamia ya watu wakauawa, na walionusurika wakaenda kwa miguu siku nyingi hadi Oicha. Hasara ya namna ile haihesabiwi kwa majengo. Inahesabiwa kwa mikono iliyofunzwa ambayo haipo leo mgonjwa anaposhushwa kutoka tipoyi.

Kwa upasuaji mkubwa wa mgongo, njia za mtu wa Ituri ni ndefu. Huko Goma kuna HEAL Africa, iliyoanzishwa na mpasuaji wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, lakini tangu mji ule uchukuliwe na waasi wa M23 Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, safari hiyo si ya kutegemewa. Wenye uwezo huvuka kwenda Uganda, hadi Kampala. Mbali zaidi, Dar es Salaam, kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi na wapasuaji wa Weill Cornell wa New York na kuwafundisha madaktari wa kanda hii upasuaji wa ubongo na mgongo. Kwa umbali huo, upasuaji wa pili kwa wengi wetu haupo. Mjini Berlin, skrubu ikikatika, mgonjwa anapanda treni. Huku inamaanisha kwamba mtu atakaa na chuma kilichokatika maisha yake yote.

Kwa hiyo nasema bila kusita: kwa mgonjwa wa Ituri, swali la mbele lijibiwe mara ya kwanza. Kama pengo ni kubwa, lijengwe siku ile ile au katika safari ile ile. Na kama hakuna vifaa wala mpasuaji wa kupita mbele, afadhali fimbo ndefu zaidi zinazoshika pingili mbili juu na mbili chini, pamoja na skrubu kwenye pingili iliyovunjika yenyewe pale inapowezekana, ili mzigo ugawanywe kwa wabebaji wengi. Mwendo utapungua, ni kweli. Lakini mgongo uliokakamaa sehemu fulani unalima. Mgongo ulioporomoka haulimi.

Kwa jamaa wanaomhudumia aliyerudi, nina maneno machache. Msimlaze. Mfupa unaungana kwa miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka mzima, na katika miezi hiyo unahitaji mzigo wa kiasi, ule wa mwili unaosimama na kutembea. Atembee barazani, atembee hadi kanisani au msikitini. Asiguse bidoni. Asilime. Akiokota kitu, kiwe kidogo, akunje magoti, akilete karibu na kifua. Vipimo vya Ulm vilionyesha kwamba kilo zile zile 20, zikinyanyuliwa kwa mgongo uliopinda, huukandamiza mgongo zaidi ya mara mbili ya zikishikwa karibu na kifua. Aache sigara kabisa, kwa sababu huchelewesha mfupa kuungana. Mlisheni maharage, samaki wa Ziwa Albert, mayai, maziwa. Ninajua ni vigumu kumwambia mama mwenye watoto sita asibebe maji. Basi maji yabebwe na sisi, jirani zake, kwa mwaka huo mmoja. Na kama ni kifua kikuu, dawa zinatolewa bure katika mpango wa taifa; asiziache hata siku anapojiona mzima.

Maumivu mapya baada ya miezi ya nafuu, hasa yakija na mlio au na mgongo kuanza kuinama tena, yasingojwe. Huenda skrubu imekatika au imelegea ndani ya mfupa, na eksirei moja ya ubavuni hapa hapa Bunia inaweza kuonyesha.

Na wewe unayejiandaa kwa safari ya upasuaji huo, muulize daktari kabla hajakupeleka chumba cha upasuaji: mbele kumebaki mfupa kiasi gani, na nani ataubeba mzigo pale? Baada ya upasuaji, omba uandikiwe kwenye karatasi pingili zilizofungwa, madini ya chuma, kampuni iliyokitengeneza na kipenyo cha fimbo, kwa kuwa bisibisi ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Chukua picha zako zote, za kabla na za baada, uzifunge ndani ya plastiki zisilowe ziwani wala njiani, na urudi nazo Bunia.